Theluji ya Kilimanjaro na bahari ya Pangani: mbona tunalaumu barafu isiyohusika?

Ticha wa Bweni (mleta uzi)

Habari zenu wana jamvi, hasa wa Tanga, na wenzetu wa Bagamoyo tunaopigwa na kusi moja.

Bamvua la mwezi wa tatu (ule mjao mkubwa wa bahari) likipanda mpaka maji yakalamba barabara karibu na kivuko hapa Pangani, barazani utasikia: "Theluji ya Kilimanjaro hiyo inayeyuka, itatuzamisha." Ukija ukame, mto umenywea, chumvi imepanda juu mpaka minazi ya kandokando inanyauka, baraza lilelile litakwambia: "Theluji ya Kilimanjaro hiyo imekwisha, mto unakufa." Theluji moja, mwaka mmoja, inatuzamisha na inatukausha. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nimebishana juu ya jambo hili mpaka kahawa ikapoa, sasa nalileta hapa kwa hesabu.

Msimamo wangu nautanguliza ili wasiopenda kusoma sana waanze kubisha mapema: barafu inayotugusa watu wa pwani hii sio ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ni ya Greenland na Antaktika, kule ambako hakuna mvuvi wa Pangani aliyewahi kufika. Na mto wetu unaponywea, kamtafuteni mchawi msituni, mashambani na kwenye mabwawa, sio kileleni.

Tuanze na Kibo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Kwa hiyo kwamba inaisha, hilo halina ubishi. Sasa chukua eneo hilo la mwisho, ulifanye lote lina unene wa mita 50 (nakuwa mkarimu hapa, sehemu nyingi ni nyembamba kuliko hivyo). Unapata chini ya tani bilioni 0.1 za maji. Bwawa la Nyumba ya Mungu likijaa linabeba mita za ujazo bilioni 1.1 hivi, ambazo ndizo tani hizohizo. Barafu yote ya Kilimanjaro, tangu chembe ya kwanza hadi ya mwisho, ukiimwaga pale kwa mpigo mmoja haijazi hata sehemu moja ya kumi ya bwawa.

Na baharini? Ili bahari zote za dunia zipande milimita 1 unahitaji tani bilioni 360 hivi za maji. Pigeni hesabu wenyewe muone Kibo inatupandishia nini.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: barafu ya Kibo kwa sehemu kubwa haiyeyuki kwa maana tuliyoizoea, ya maji kuchuruzika. Wastani wa baridi kule juu ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa ni kavu mno na jua linapiga moja kwa moja, basi barafu inageuka mvuke bila kupitia maji. Ndiyo maana kingo zake ni kuta zilizosimama wima, kama zimekatwa kwa msumeno. Jua la nusu mwaka linapiga ukuta wa kusini, nusu nyingine ukuta wa kaskazini, kuta zinarudi nyuma, na ule mchanga mweusi wa volkano ulioachwa wazi nao unashika joto na kuupashia ukuta. Theluji mpya isipoanguka ya kutosha, hakuna cha kufidia. Na kupungua huku kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipobadilika ikawa kavu zaidi. Ziwa Viktoria nalo lilishuka sana baada ya mwaka 1880. Joto la dunia la miongo hii limekuja kummalizia mgonjwa aliyekuwa kitandani tayari.

Tena kuna kichekesho cha zamani kidogo. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa anaishi Rabai kule nyuma ya Mombasa, aliiona theluji hiyo mwaka 1848, akaandika kwao. Wasomi wa London wakasema haiwezekani, theluji na ikweta wapi na wapi. Leo wajukuu wa wasomi hao wanapanda ndege kuja kuiona kabla haijaisha.

Mto Pangani: maji yake yanatokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu wa Kilimanjaro na Meru, kisha Upare na Usambara inaongezea. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, msituni, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Kileleni hainyeshi hata robo ya hiyo. Kikuletwa na Ruvu zinakutana Nyumba ya Mungu, kutoka hapo mto unashuka Korogwe, Hale, mpaka hapa kwetu. Mchango wa barafu katika safari yote hiyo ni mdogo mno.

Bisheni.

Mchaga Ngamiani

Ticha, heshima yako. Ila sisi ambao kwetu ni huko mlimani na tunakula samaki wenu hapa Tanga mjini tuna neno. Mfongo (mfereji wa maji wa Wachaga) uliopita nyuma ya nyumba ya babu ulikuwa na maji mwaka mzima. Sasa hivi maji yanafika kwa zamu, na miezi mingine mfongo ni njia ya mbuzi. Wazee wanaangalia juu, wanaona Kibo imekuwa kipara, wanaunganisha. Utawalaumu?

Ticha wa Bweni

Siwalaumu hata kidogo shemeji. Vitu viwili vinapungua kwa pamoja mbele ya macho yako, lazima uone kimoja kimeleta kingine. Lakini angalia chini ya barafu, pale msitu unapoishia juu. Miti ile mirefu yenye ndevu za kuvu na mkangaga kazi yake ni kukamata ukungu. Wingu linapita, mti unalikamua, maji yanadondoka chini hata siku ambayo mvua haijanyesha. Moto ukipita pale, mti haurudi haraka, vinarudi vichaka vifupi ambavyo havikamati kitu. Moto wa Oktoba 2020 wote tuliutazama kwenye simu, na wa Oktoba 2022 pia. Watafiti waliochunguza mimea ya mlima ule kwa miaka mingi wamesema wazi: hasara ya maji iliyoletwa na moto wa msitu wa juu ni kubwa kuliko hasara ya barafu. Ongeza watu wameongezeka, mashamba ya umwagiliaji yameongezeka, mfongo mmoja umegawanywa mara ngapi tangu enzi za babu.

Mchaga Ngamiani

Hapo kwenye moto nimekuelewa. Na wengi wa wanaowasha ni warina asali na wawindaji haramu. Watalii wanapigwa picha na barafu, msitu unaungua hakuna anayepiga picha.

Jarife

Nyie wasomi mnatuchosha. Mwaka 2002 huyo Mmarekani Lonnie Thompson aliyetoboa barafu ya Kibo na kuchukua vipande alitangaza kwamba barafu itaisha kati ya 2015 na 2020. 2020 imefika, imepita. Mimi nilipeleka mzigo wa dagaa Moshi juzijuzi, asubuhi nikaiona kwa macho yangu, nyeupeee. Leo mnaniletea Greenland.

Halafu kingine. Kuna utafiti ulichapishwa 2010 ukasema usawa wa bahari huku kwetu, upande wa Zanzibar, tangu miaka ya 1960 ulikuwa UNASHUKA. Ticha hajautaja. Anachagua vya kumfaa.

Ticha wa Bweni

Jarife leo umekuja umejipanga, karibu sana.

La Thompson: tarehe ilikosea, mwelekeo haukukosea. Aliivuta kalamu ya kasi ya miaka ile mpaka ikagusa sifuri, mlima haukufuata rula. Lakini kila kipimo kilichofuata kimekuta barafu ndogo kuliko cha nyuma yake. UNESCO mwaka 2022 walisema barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zinatarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Na hiyo nyeupe uliyoiona asubuhi kutoka Moshi, mara nyingi ni theluji ya usiku huo. Ikipigwa jua siku mbili tatu hauioni tena. Barafu ya kale ni vile vipande vya pembeni.

La 2010: ni kweli, na ni utafiti mzuri. Lakini ulisema kwa nini. Pepo za Bahari ya Hindi zilibadilika kadiri bahari ilivyopata joto, zikawa zinasukuma maji kuyatoa upande wetu wa kusini magharibi na kuyapeleka pande nyingine, mfano Ghuba ya Bengali, ambako maji yalipanda kuliko wastani. Bahari haipandi sawasawa kila mahali. Upepo unahamisha maji, mkondo unahamisha maji, joto linayavimbisha hapa kuliko pale. Kilichofichwa na upepo kwa miaka thelathini, upepo huohuo ukigeuka unakilipa kwa mkupuo. Wewe ni mtu wa bahari, unajua kaskazi inavyoweza kukuwekea maji mahali ambapo kalenda ya mwezi haikusema.

Kidato cha Mwisho

Shikamooni wote. Naomba kuuliza mwalimu. Tumefundishwa ncha ya kaskazini barafu inaelea baharini na inayeyuka. Kwa nini hiyo isihesabiwe?

Ticha wa Bweni

Marahaba. Weka vipande vya barafu kwenye glasi, jaza maji mpaka ukingoni, kaa usubiri viyeyuke. Glasi haimwagiki. Barafu inayoelea imeshachukua nafasi yake majini, ikiyeyuka inajaza palepale ilipokuwa. Kwa hiyo barafu ya bahari ya Aktiki haipandishi maji. Ila ina ubaya mwingine: ni nyeupe, inarudisha mwanga wa jua juu. Ikiondoka, bahari nyeusi inaunywa ule mwanga, joto linazidi, na barafu nyingine inafuata. Ndiyo maana kule kaskazini kunapata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingine za dunia.

Ya kuogopa ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu. Greenland ikiyeyuka yote bahari inapanda kama mita 7. Antaktika yote, mita 58 hivi. Haziyeyuki zote kesho, ni mambo ya karne na karne, lakini ndipo lilipo ghala.

Bwana Chumvi

Mimi sina shahada. Nina mabwawa ya chumvi upande wa Mwambani, niliyarithi kwa mzee. Tuta la upande wa bahari tumeliongeza kimo mara kwa mara. Enzi za mzee maji yalikuwa yanapita juu ya tuta bamvua la Machi na la Septemba tu, tena likikutana na upepo. Sasa hivi hata bamvua za kawaida zinalivuka. Maji yakiingia bwawa la mwisho lile la kukaushia, chumvi iliyokuwa imeshaanza kuganda, nyeupe, punje zimeshakuwa na pembe, inarudi kuwa maji mbele ya macho yako. Kazi ya wiki mbili jua kali. Unabaki umeshika reki.

Sasa swali langu kwa Ticha. Maji hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kila siku wakati wa bamvua. Hizo milimita zako zinafanya nini hapo?

Ticha wa Bweni

Bwana Chumvi hilo ndilo swali la uzi mzima, umelitoa wewe ambaye huna shahada.

Kwanza hizo milimita. Greenland inapoteza kama tani bilioni 270 za barafu kwa mwaka. Antaktika kama 150. Barafu za milimani dunia nzima, Himalaya, Alps, Andes, Alaska, zimepoteza wastani wa tani bilioni 273 kwa mwaka kati ya 2000 na 2023. Jumla karibu bilioni 700. Gawanya kwa zile 360 nilizosema mwanzo: milimita 2 hivi kwa mwaka zinatokana na barafu. Nyingine zinatokana na maji yenyewe kuvimba kwa joto. Kwa pamoja, kati ya 2006 na 2018 bahari za dunia zilikuwa zinapanda kama milimita 3.7 kwa mwaka. Na tangu 1901 hadi 2018 zimepanda kwa jumla sentimita 20.

(Mwenye kupenda kulinganisha: kiasi cha barafu yote ya Kilimanjaro, Greenland inakitupa baharini ndani ya saa tatu. Ndio maana nasema tunalia na msiba usio wetu.)

Sasa mita 3 na sentimita 20. Wewe tuta lako hukulijenga kwa ajili ya maji ya kawaida, ulilijenga lizidi bamvua kubwa kabisa, kwa kiasi gani? Shubiri moja? Mbili? Sentimita 20 ndiyo shubiri yenyewe. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, hayakuhusu, maji ya katikati hayakuhusu, ugomvi wote uko kwenye shubiri ya mwisho juu ya tuta. Bahari ikikupunguzia hiyo, bamvua lililokuwa linavuka mara mbili kwa mwaka linavuka kila mwezi.

Mkandaa

Naomba nichangie kama dada anayejitolea kupanda mikoko. Kwa heshima zote kaka Bwana Chumvi, hapo mabwawa yenu yalipo palikuwa na nini? Mchu na mkoko. Ilikatwa, matuta yakachimbwa, leo mnashangaa mawimbi. Mikoko ina uwezo wa kupanda na bahari, inashika tope mizizini, ardhi yake inanyanyuka polepole. Tuta la udongo halinyanyuki lenyewe.

Bwana Chumvi

Dada mikoko ilikatwa na mzee na wenzake enzi hizo kwa kibali cha serikali, na boriti zake zilijengea nyumba za Tanga nzima ikiwemo labda ya kwenu. Nipande wapi sasa, katikati ya bwawa? Nile mkoko?

Mkandaa

Mbele ya tuta, upande wa bahari. Njoo jumapili nikuonyeshe. Sikugombezi, kaka.

Ticha wa Bweni

Mkandaa ana hoja lakini aiongezee kipande: mikoko inanyanyuka kama tope linafika. Tope la Pangani linaletwa na mto. Mto umewekewa bwawa pale Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, chini yake kuna Hale, na chini zaidi Maporomoko ya Pangani ambako mitambo mipya ya megawati 68 ilianza 1995. Mchanga na tope vinatua nyuma ya kuta, maji yanayotufikia ni mepesi, tena machache kwa sababu ya umwagiliaji huko juu. Mto ukiwa dhaifu, bahari inaingia mdomoni na kupanda. Chumvi iliyoua minazi Pangani haikuletwa na barafu yoyote, sio ya Kibo wala ya Greenland. Ililetwa na mto kukosa nguvu ya kuisukuma nje. Bahari ikizidi kupanda itakuta mlango uko wazi.

Kasa Ushongo

Wacha niwaambie kitu kuhusu Maziwe, kisiwa mbele yetu hapa. Baba yangu alikuwa anafunga ngalawa kwenye mvinje. Miti, kivuli, ndege, na kasa wengi wanapanda kutaga. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 miti ikawa imekwisha yote, na kwa bahati mbaya ni wakati uleule kisiwa kinatangazwa hifadhi. Leo ni fungu la mchanga. Tunapeleka wageni maji yakipwa, wanatembea, wanapiga picha, yakianza kujaa tunawaambia pandeni boti, na baada ya muda hakuna kisiwa. Kasa bado wanakuja, hawajui kwamba pameshazama. Mayai yanafukuliwa yanaletwa bara Ushongo yafukiwe upya juu ya maji, la sivyo yanaoza.

Wageni wote nikiwapeleka wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mimi naitikia tu, ndio biashara.

Jarife

Hahaha Kasa umeniua. Kumbe ukweli ni nini?

Kasa Ushongo

Wazee wanasema mivinje ilikatwa. Mizizi ikaondoka, mchanga ukaondoka na mikondo. Ndivyo nilivyolelewa nikisikia.

Ticha wa Bweni

Na tarehe zinawaunga mkono wazee. Kasi kubwa ya Greenland na Antaktika kupoteza barafu ilianza miaka ya 1990. Maziwe ilikuwa imeshavuliwa nguo kabla. Lakini sikiliza, fungu la mchanga lililobaki linatokeza maji yakipwa tu. Bahari ya zamani haikuihitaji barafu kuimaliza miti. Bahari ya leo inaihitaji kidogo tu kuumaliza mchanga.

Mtu wa Kaole

Bagamoyo tunasoma kimyakimya. Huku tuna Ruvu yetu, sio ile inayoingia Nyumba ya Mungu, hii inatoka Uluguru ambako theluji haijawahi kuonekana. Lakini kisima cha nyumbani ambacho bibi alikuwa anachotea maji ya chai, sasa ni cha kufulia, na sabuni haitoi povu. Nayo ni Greenland?

Ticha wa Bweni

Kisima kwanza ni pampu, ndugu yangu. Chini ya pwani maji baridi yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo. Wataalamu wa maji wana kanuni ya zaidi ya miaka mia: ukishusha usawa wa maji baridi kwa mita 1, mpaka wa chumvi chini unapanda kama mita 40. Bibi alikuwa anavuta kwa ndoo. Sasa kila nyumba ina kisima kirefu na pampu ya umeme, na hoteli iliyo mbele inamwagilia bustani. Bahari ikipanda inasukuma kutoka upande wa pili. Dawa ya kwanza iko mikononi mwenu: chimbeni mbali na ufukwe, msivute kutoka kina kirefu, mvua ya masika ikingeni kwenye matangi.

Tanga mjini wao wamenusurika kwa kuwa maji yao ni ya mto Zigi, bwawa la Mabayani. Zigi inatoka Amani, Usambara Mashariki. Msitu tena. Theluji hakuna.

Kidato cha Mwisho

Mwalimu, Greenland iko mbali hivyo. Maji yakiyeyuka huko si yatajaa huko kwanza?

Ticha wa Bweni

Hapa ndipo pananipa usingizi wa mang'amung'amu. Ni kinyume. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inayavuta maji ya bahari yaje kwake, kwa nguvu ileile ya uvutano inayofanya mwezi utupe bamvua. Bahari ya jirani yake imenyanyuka kwa sababu ya mvuto huo. Barafu ikipungua, mvuto unapungua, maji yaliyokuwa yameshikwa pale yanaachiwa yanasambaa mbali, na ardhi yenyewe iliyokuwa imekandamizwa inainuka. Matokeo yake jirani wa Greenland anaweza kuona bahari inashuka, na sisi wa ukanda wa ikweta tunapata zaidi ya wastani wa dunia. Antaktika ikiyeyuka, mambo ni hayohayo kwetu. Satelaiti mbili zilizorushwa 2002 ndizo zilianza kuupima mvuto huo kutoka angani, na ndiko zinakotoka zile tani bilioni 270.

Hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda, sasa imepita 420. Afrika nzima mchango wetu ni kama asilimia 4 ya moshi wa kila mwaka. Wao wana barafu, sisi tuna maji yake.

Jarife

Sasa hapo umenigusa. Kwa hiyo kwenye mikutano yao huko nje serikali yetu ikienda kudai fidia ikabeba picha ya Kilimanjaro imebeba picha siyo?

Ticha wa Bweni

Picha ya Kilimanjaro inauzika, wacha waibebe. Ila kwenye bahasha ya nyuma waweke tuta la Bwana Chumvi.

Mchaga Ngamiani

Jamani nina swali la kienyeji kabisa. Nimeuziwa kiwanja njia ya Kigombe, mandhari ya bahari, hatua kama arobaini tu kutoka mchangani. Hati haijatoka bado. Nijenge au nisijenge?

Mkandaa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hatua zako arobaini ni mita 30. Hata bila Greenland umeshaingia ndani ya eneo la katazo.

Mchaga Ngamiani

Aliyeniuzia alisema mita 60 ni za mahoteli tu.

Bwana Chumvi

Aliyekuuzia ni mtu wa wapi?

Mchaga Ngamiani

Wa hukuhuku kwenu.

Bwana Chumvi

Basi alikuwa anajua. Subiri bamvua lijalo, nenda usiku maji yakijaa, simama kwenye bikoni yako ya mbele. Peleka na tochi uangalie takataka za majani makavu yameishia wapi, hayo ndiyo yaliyoachwa na maji ya juu kabisa. Pima kutoka hapo, sio kutoka mchanga wa mchana.

Mchaga Ngamiani

Nimekwenda. Majani makavu yako nyuma ya bikoni ya mbele.

Jarife

Shemeji, hicho sio kiwanja, hicho ni dema la samaki.

Mchaga Ngamiani

Cheka tu. Nina risiti na mashahidi wawili. Kuna mwanasheria humu?